Bei ya Jua

Kuna nyasi ambazo hazijawahi kuota mahali popote, lakini wahandisi wa umwagiliaji wa dunia nzima huanza hesabu zao nazo. Zina urefu wa sentimita 12 kamili. Ni kijani mwaka mzima, zimefunika ardhi bila pengo, hazijui ugonjwa, na hazijawahi kulala na kiu hata usiku mmoja. Hurudisha angani asilimia 23 ya mwanga wa jua unaozipiga. Hakuna ng'ombe aliyewahi kuzila.

Nilikutana nazo kazini. Mteja alitaka kijitabu cha umwagiliaji kiandikwe kwa Kiswahili ambacho mkulima ataelewa, na mimi huishi kwa kazi za namna hiyo: leo maneno ya tangazo la sabuni, kesho ripoti ya mradi. Ukurasa wa tatu nikakwama kwenye neno moja, evapotranspiresheni. Maana yake ni maji yanayotoka kwenye udongo kama mvuke, ukijumlisha na yale yanayotoka kwenye majani, jasho la mmea. Nilijaribu tafsiri nne, zote zikasikika kama jina la dawa ya minyoo. Mwishowe nikampigia simu dani, nyanya yangu, ambaye hulima Asembo Bay, ufukweni kabisa, kaunti ya Siaya. (Wenzangu mnaopenda mizaha, ndiyo: nyanya yangu analima nyanya. Ndiyo maana kuanzia hapa namwita dani, kama tunavyomwita nyumbani.)

Nikamweleza ninachotafuta. Akanijibu kwa Kijaluo bila hata kufikiria: chieng' madho pi. Jua linakunywa maji.

Kisha akaniuliza swali ambalo kijitabu hakikuwa nalo. Linakunywa mangapi?

Hakuwa anauliza kwa kupenda elimu. Ilikuwa Novemba, na chama chao kilikuwa kimekubali kumkopesha shilingi 20,000. Alitaka kupanda nyanya robo eka katikati ya Desemba, zikue wakati wa oro, kiangazi chetu, ziive kabla chwiri, mvua ndefu, haijajaza soko na nyanya za kila mtu. Mpango mzuri. Shida ilikuwa pampu. Mtu wa mjini akisikia shamba liko ufukweni mwa Ziwa Victoria hudhani maji ni bure. Maji ni bure kweli yakiwa ziwani. Ukitaka yapande mita chache hadi kwenye nyanya zako, unakodi pampu kwa saa na unanunua petroli, ambayo wakati huo ilikuwa karibu shilingi 200 kwa lita. Na nyumbani kulikuwa na vita baridi: dani husema nyanya zimwagiliwe kidogo kila jioni, baba mdogo husema mara moja kwa wiki, lakini hadi maji yasimame. Kila mmoja alikuwa na miaka ya ushahidi. Kila mmoja alikuwa na msimu uliomwendea vibaya ambao mwenzake hawezi kuusahau.

Basi nikachukua likizo ya wiki moja kutoka kwa wateja wangu, ambao hawakuona tofauti, na nikaanza kuzisoma zile nyasi kwa makini. Nilisomea takwimu chuoni mwaka mmoja na nusu kabla karo haijanitoa nje, kwa hiyo fomula hainitishi. Hii hata mtu asiyependa hesabu anaijua tayari, kwa sababu aliwahi kufua nguo.

Fikiria jinzi uliyoanika kambani. Itakauka lini? Inategemea vitu vinne: jua limewaka kiasi gani, hewa ina joto gani, hewa imekauka au tayari imeshiba unyevu, na upepo unavuma au umelala. Nairobi mwezi wa Julai unaanika Jumamosi na Jumatatu bado kiuno ni kibichi. Kisumu Februari unaanika saa nne, saa nane imekauka hadi imekuwa ngumu. Mwaka 1948, mwanafizikia Howard Penman wa kituo cha Rothamsted, Uingereza, aliviweka vitu hivyo vinne ndani ya mlinganyo mmoja. Upande mmoja aliweka nishati ya kugeuza maji kuwa mvuke, na upande wa pili uwezo wa hewa kuuchukua mvuke huo na kuondoka nao. Mwaka 1965 John Monteith akaongeza kitu ambacho jinzi haina: vitundu vya jani, ambavyo mmea huvifungua na kuvifunga. Mwaka 1998 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, likachapisha mwongozo uliofanya mlinganyo wa Penman na Monteith kuwa kipimo cha kawaida cha dunia.

Hapo ndipo zile nyasi zinaingia. Mahindi hunywa tofauti na vitunguu, na vitunguu tofauti na miwa. Ungelazimika kupima kila mmea katika kila mji. FAO wakasema: tuchague mmea mmoja wa kufikirika, nyasi fupi zilizoshiba maji, na kila mahali tukadirie zingepoteza maji kiasi gani kwa hali ya hewa ya siku hiyo. Kisha kila zao lipewe namba yake ya kuzidisha. Nyanya zikiwa na majani kamili huzidishwa kwa 1.15. Zikiwa bado miche, kwa 0.6. Kwa hiyo nyasi ni kama gorogoro sokoni. Hakuna anayekula gorogoro, lakini bila lile kopo muuzaji na mnunuzi wangepigana hadi jioni.

Nilidhani haya yote yametoka mbali na hayajawahi kufika kwetu. Kumbe yalifika zamani. Pale Muguga, nje kidogo ya Nairobi, Shirika la Utafiti wa Kilimo na Misitu la Afrika Mashariki lilikuwa likifanya kazi hii hii kabla wazazi wangu hawajazaliwa. Mwaka 1965 J. S. G. McCulloch alichapisha majedwali ya kukokotoa makadirio ya Penman kwa haraka, yakizingatia kwamba sisi tuko karibu na ikweta na wengi wetu tuko juu sana kutoka usawa wa bahari. Mwaka 1968 T. Woodhead akatoa utafiti wake juu ya nguvu ya hewa ya Kenya kukausha maji. Na kule Kericho, Charles Pereira na wenzake walipima mabonde ya mito ili kujua mito itafanyaje msitu ukikatwa na kupandwa majani chai. Mito ya upande ule huteremka hadi kwenye ghuba yetu ya Winam. Maji waliyokuwa wakiyahesabu ndiyo haya ambayo dani anayakodia pampu.

Maswali yaliyolipiwa hesabu, basi, yalikuwa ya mashamba makubwa na mito mikubwa. Hesabu ilikuwepo. Haikuwa na njia ya kufika kwenye robo eka ya mwanamke wa Asembo, na mpaka leo njia hiyo ni nyembamba. Ukitaka kutumia mlinganyo kamili unahitaji mnururisho wa jua, joto, unyevu na kasi ya upepo, mita mbili kutoka ardhini, siku baada ya siku. Kituo kikubwa cha hali ya hewa upande wetu kiko uwanja wa ndege wa Kisumu. Asembo si Kisumu. Mtu yeyote aliyekaa huku anajua upepo wa ziwa unavyoamka mchana na kuingia nchi kavu, na usiku unavyogeuka na kuelekea majini.

Nilijaribu takwimu za bure za NASA, zinazopatikana kwa hifadhi iitwayo POWER. Ni msaada mkubwa: unaandika latitudo na longitudo, unapata miaka zaidi ya 30 ya hali ya hewa. Lakini dunia yao imegawanywa vipande vikubwa, vya makumi ya kilomita kila upande. Kipande kinachobeba Asembo Bay kimebeba pia ziwa, vilima na watu ambao dani hajawahi kuwasalimia. Namba inayotoka ni wastani wa samaki na mahindi.

Nikageukia njia ya mtu asiye na kitu. Mwaka 1985 George Hargreaves na Zohrab Samani walichapisha mlinganyo unaohitaji joto la juu na la chini la siku tu, pamoja na nguvu ya jua juu ya angahewa, ambayo unaisoma kwenye jedwali kwa latitudo na mwezi. Latitudo yetu ni rahisi. Ikweta inapita pale Maseno, kwa hiyo tunachukua mstari wa sifuri. Chukua siku ya Februari: juu nyuzi 31, chini 18. Wastani ni 24.5, ongeza 17.8 unapata 42.3. Tofauti ya juu na chini ni 13, kipeuo chake cha pili ni 3.6. Zidisha hizo mbili, kisha kwa 15.3 ya jua la Februari, kisha kwa 0.0023. Unapata milimita 5.4.

Milimita 5.4 za nini? Hapa ndipo nilipoanza kuipenda hesabu hii. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, kamili. Robo eka ni kama mita za mraba 1,012. Nyasi zetu za kufikirika zingepoteza hapo lita 5,465 kwa siku moja. Nyanya zenye majani kamili, ukizidisha kwa 1.15, zingepoteza lita 6,285 hivi. Hiyo ni mitungi 314 ya lita 20. Kila siku. Hakuna anayeiona ikiondoka, hakuna tone linaloanguka, na jioni shamba liko vilevile ulivyoliacha asubuhi.

Nilipomwambia dani mitungi 314 alinyamaza kwa muda. Katika ujana wake aliwahi kubeba maji kichwani. Mtungi kwake si kipimo cha kitabuni, ni shingo. "Na mimi naliita jua rafiki," akasema.

Mwanzoni mwa Desemba nikasafiri kwenda nyumbani. Tuliweka pipa la lita 200 mbele ya mpira wa pampu na nikashika saa ya simu. Lilijaa kwa dakika moja: lita 12,000 kwa saa. Kwa kuwa maji hupita mitaroni, si kwenye paipu za matone, nilikadiria kwamba katika ndoo tatu tunazovuta, mbili ndizo zinazofika kwenye mizizi. Kwa hiyo kinywaji cha siku moja cha nyanya zilizokomaa ni dakika 47 za pampu. Kisha udongo. Shamba lile ni la kichanga, na mchanga ni mfuko uliotoboka. Nilikadiria unashika milimita 80 kwa kila mita ya kina, mizizi inafika sentimita 70, na mmea hauwezi kuvuta zaidi ya asilimia 40 ya hapo bila kuanza kuteseka. Inabaki kama milimita 22. Gawanya kwa mahitaji ya siku, unapata siku tatu na nusu.

Kila siku ya tatu, basi, saa mbili na dakika ishirini. Hakuna aliyefurahi. Dani alikuwa akipanga dakika 20 kila jioni: zingelowesha juu tu, na kesho yake jua lingezichukua kabla mizizi haijazionja. Baba mdogo alikuwa akipanga saa nne kila Jumamosi: mchanga ungeshika unachoweza, yaliyobaki yangeshuka chini pamoja na mbolea, na kufikia Jumatano nyanya zingekuwa na kiu. Kwa jumla ya wiki, wote wawili walikuwa chini ya kinachohitajika. Hesabu haikumpa mtu ushindi, iliwaongezea bili.

Na bili ndiyo iliyokuwa swali lenyewe. Nikajumlisha wiki 13, kuanzia miche midogo isiyokunywa sana hadi mwisho, kama vile hakuna mvua itakayonyesha. Saa 52 hivi za pampu. Kodi na petroli kwa pamoja zilikuwa kama shilingi 350 kwa saa. Jumla, shilingi 18,200. Mkopo ni 20,000. Hiyo 1,800 iliyobaki inunue miche, mbolea, dawa na vijiti vya kuegemezea.

Nilimwonyesha dani karatasi. Yeye husoma namba vizuri sana, ndiye aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama. Aliiangalia kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia, akakunja, akaweka ndani ya kitambaa chake cha pesa. Kesho yake asubuhi alitembea shambani na kamba, akagawanya robo eka katikati. Nyanya upande mmoja tu. Upande wa pili ungesubiri chwiri na kupandwa mahindi, ambayo mvua ingeyalipia yenyewe. Baba mdogo alileta nyasi kavu, nyasi za kweli hizi, akatandaza kati ya mistari ili jua lisiuone udongo.

Nilirudi Februari kwa sababu kitu kimoja kilinisumbua. Mlinganyo wa Hargreaves haujui upepo, na mchana wa Asembo ni upepo mtupu. Vituo vya hali ya hewa huwa na sufuria kubwa ya chuma, kipenyo cha sentimita 120 na kitu, kina cha sentimita 25, ambayo kila asubuhi hupimwa imepungua kiasi gani. Huzidishwa kwa 0.7 hivi ili kufika kwenye nyasi. Mimi niliweka beseni lenye kingo zilizonyooka pembeni mwa shamba, nikafunika kwa waya wa kuku baada ya kuku kunihujumu siku ya kwanza, na nikapima kwa rula. Kwa siku sita lilipungua kati ya milimita 7 na 9. Chukua 8, zidisha kwa 0.7: milimita 5.6. Beseni dogo hupata joto haraka kuliko sufuria ya kituo, kwa hiyo sio ushahidi wa kupeleka mahakamani. Lakini kopo la plastiki na mlinganyo wa mwaka 1985 walikuwa wanasimulia hadithi moja.

Jioni za wiki ile nilikaa nikiangalia ziwa na kulifanyia hesabu hiyo hiyo. Ziwa Victoria lina eneo la kilomita za mraba 68,800 hivi. Kila milimita inayopaa kutoka juu yake ni mita za ujazo milioni 68.8. Sehemu kubwa ya maji yake huletwa na mvua inayoliangukia moja kwa moja, na sehemu kubwa huondoka kwa njia ile ile, juu, hewani. Mto Nile pale Jinja huchukua kiasi kidogo zaidi. Ndiyo maana mwaka 2020, baada ya mvua nyingi, ziwa lilipanda hadi kiwango cha rekodi na kuingia kwenye nyumba za watu wa ufukweni. Shamba la dani ni ziwa dogo. Kinaingia kitu, kinatoka kitu, na maisha ni tofauti kati ya hivyo viwili.

Sasa fikiria taarifa tunazopewa. Utabiri ninaousikia redioni ni wa mvua: kitakachoingia. Kila tarehe 14 ya mwezi EPRA hututangazia bei ya petroli, na nchi nzima husimama kusikiliza, hata sisi tusio na gari. Sijawahi kusikia mtu akitangaza kwa Kiswahili, au kwa Kijaluo, kwamba wiki hii upande wa Siaya jua litachukua milimita 38, panga pampu yako. Namba hiyo haina siri. Ni joto la juu, joto la chini na jedwali. Inaingia kwenye ujumbe mmoja wa simu na bado nafasi inabaki ya kusema habari za jioni. Mkulima mkubwa mwenye mitambo ya matone anaye mtaalamu wa kumkokotolea. Dani ana mjukuu aliyeacha chuo. Wenye shamba jirani hawana hata huyo, na ndio wanaokopa.

Nyanya za nusu ile zilikunywa karibu kama karatasi ilivyosema, hadi Machi mvua ilipokuja. Bei ya sokoni ilishuka wiki mbili kabla ya mavuno ya mwisho. Mlinganyo wa Penman hauna mahali pa kuweka madalali. Hata hivyo dani alirudisha mkopo wa chama mwezi wa Aprili, wote, na kilichobaki alinunulia mpira wake mwenyewe wa pampu, kwa sababu ule wa kukodi ulikuwa ukivuja na sasa alijua kila uvujaji ni shilingi ngapi.

Kijitabu cha mteja nilikimaliza. Palipokuwa na lile neno gumu niliandika "maji yanayonywewa na jua". Mhariri wao alilifuta, akaweka neno la kitaalamu. Wanachama wa chama cha dani, ambao hawajakiona kijitabu hicho, wameniomba nije Novemba na rula yangu, na tayari watatu wamenitumia joto la juu na la chini la vijijini kwao kwa WhatsApp. Mmoja ameongeza kwamba kwake kuna upepo zaidi kuliko kwa dani, na anataka hilo lihesabiwe.